Choo Kipi Kijengwe Pale Kilipotitia cha Zamani?

Mazungumzo yaliyotolewa Mahurunga, Mkoa wa Mtwara, mbele ya makatibu wa vyama vya msingi na wanachama



Mmezoea kuniona nikija hapa na vitabu vya hesabu, tukazungumza habari za mizani, magunia, stakabadhi za ghala na malipo ya wakulima. Leo sikuja na vitabu hivyo. Nimeombwa nizungumzie choo. Najua wapo watakaosema kwamba choo si jambo la kutajwa mbele ya watu wazima waliokaa mkutanoni, na kwamba kazi ya ushirika ni korosho, si msala. Nawaomba wanivumilie. Kila msimu unapokwisha, sehemu ya fedha inayotoka ghalani hugeuka saruji, bati na vyombo vya nyumbani. Na katika vyombo hivyo sijaona kinachonunuliwa kwa haraka na kwa kutojua kama choo. Fedha ya mwanachama ikipotelea shimoni imepotea sawasawa na ile inayopotea kwenye mizani mbovu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili isionekane kwamba nimekuja kuwahukumu wenzangu.

Miaka kadhaa iliyopita choo cha shimo cha nyumbani kwetu kilititia wakati wa mvua. Kuta za shimo zilikuwa mchanga mtupu, maji yakapanda kutoka chini, magogo yaliyobeba sakafu yalikuwa yamekwisha kuoza, na usiku mmoja sakafu yote ikaenda. Tunamshukuru Mungu hapakuwa na mtu ndani. Mama yangu mzazi alikuwa mtu mzima, magoti yanamsumbua, kuchuchumaa hawezi. Basi nilipopata malipo ya korosho nilikwenda mjini, nikaingia katika duka la vifaa vya ujenzi, nikachagua choo cha kukalia, cheupe, chenye kung'aa, na tangi lake la maji mgongoni. Sikupima kitu wala sikuuliza kitu. Nilitazama weupe, nikatoa fedha.

Kilipofika nyumbani ndipo matatizo yalipoanza. Kinywa chake cha kutolea uchafu kilielekea nyuma, ukutani; tundu tulilokuwa tumelitayarisha lilikuwa chini, sakafuni. Fundi akaunga kwa kipande cha bomba na saruji. Tangi halikuwa na bomba la kulijaza, kwa hiyo binti zangu wawili ndio waliogeuka bomba: ndoo kichwani, asubuhi na jioni, kutoka kisimani hadi chooni. Kabla ya mwaka kwisha boya la tangi lilikwama, kiungo cha saruji kikapasuka, na majitaka yakawa yanavuja chini ya sakafu kuelekea upande wa kisima. Na kisima kile hatukukitumia peke yetu. Jirani yangu, mama mmoja ambaye ni mwanachama mwenzetu, alikuja akaketi barazani kwangu, akanyamaza kitambo, kisha akaniambia: "Mwanangu, kila mwaka unatusomea hesabu za korosho na wala hukosei. Hii hesabu ya kisima mbona hukuipiga?"

Sikuwa na jibu. Tulikifunga kisima, tukavunja choo, na kwa muda mrefu nyumba kadhaa zilichota maji mbali kwa sababu ya uzembe wangu. Hesabu ile nimekwisha kuipiga sasa, nami nimekuja kuwasomea.

HESABU YA MAJI

Kabla hujauliza bei ya choo, uliza nani atakayekiletea maji.

Tuchukue nyumba yenye watu sita, kila mtu akaenda chooni mara tatu kwa siku. Hizo ni mara kumi na nane. Choo cha kuvuta chenye tangi la lita 9 kitataka lita 162 kwa siku, yaani ndoo nane za lita 20 na zaidi kidogo. Tangi la lita 6 litataka lita 108, zaidi ya ndoo tano. Sinki la kuchuchumaa la kumwagia kwa kopo, likitumia lita 2 kila mara, litataka lita 36, nazo hazifiki ndoo mbili. Ziko pia sinki za plastiki zenye kifuniko chini kinachojifungua kwa uzito wa maji na kujifunga tena, kama zile za SATO zilizoanza kusambazwa Bangladesh mwaka 2013 na ambazo siku hizi zinauzwa hata hapa Tanzania. Hizo hutosheka na maji yasiyofika lita moja. Nyumba ile ile ya watu sita haitamaliza ndoo moja kwa siku.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tofauti baina ya choo na choo ni ndoo saba kila siku, na ndoo hizo zina kichwa kinachozibeba. Mara nyingi ni kichwa cha mama au cha binti ambaye angekuwa shuleni. Mwenye bomba ndani ya nyumba lenye maji ya uhakika, na achague choo cha tangi akipenda. Asiye nalo, au mwenye bomba linalotoa maji siku moja na kukauka siku tatu, asinunue tangi. Choo cha kuvuta kisichokuwa na maji ni kichafu kuliko shimo la kawaida, maana uchafu hukaa juu, machoni pa watu na chini ya miguu ya nzi.

HESABU YA ARDHI

Wenzetu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, shida yao ni kwamba maji yako mbali sana chini. Sisi tunaokaa karibu na mdomo wa Ruvuma shida yetu ni kinyume chake: maji yako karibu mno. Mto hufurika katika bonde, mashamba ya mpunga hujaa, na maji yaliyo chini ya ardhi hupanda pamoja nao.

Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa kila mwaka. Fedha ya korosho huanza kupatikana mwezi wa Oktoba na kuendelea, wakati ardhi ni kavu. Mwanachama huchimba shimo refu, haoni maji, hufurahi, hujenga. Ifikapo Machi maji yamepanda hadi nusu ya shimo, kuta zinaporomoka, na uchafu unatembea na maji chini ya ardhi hadi kisimani. Shimo lililopimwa kwa kiangazi halitaweza kustahimili masika. Basi kipimo cha shimo tukichukue kisimani, mwezi wa Machi au Aprili. Fungeni jiwe kwenye kamba, teremsheni hadi lifike kwenye maji, wekeni fundo, na kamba hiyo itunzwe mpaka wakati wa kujenga.

Kanuni inayofuatwa ni kwamba chini ya shimo pawe angalau mita moja na nusu juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji, na shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Ikiwa kamba inaonyesha kwamba maji hufika karibu na uso wa ardhi, tusichimbe shimo refu. Tujenge choo cha kuinuliwa: shimo fupi, kuta zake za matofali ya saruji zipandishwe juu ya ardhi, na udongo ushindiliwe kuzunguka kama tuta, kisha ngazi chache za kupandia. Watu wengine huona haya choo chao kuwa juu kuliko nyumba. Afadhali haya hiyo kuliko ile iliyonipata mimi barazani kwangu.

Kuhusu ukubwa, hesabu yake si ngumu. Kwa kawaida tunakadiria kwamba mtu mmoja hujaza sehemu ndogo tu kwa mwaka, kama sita katika mia ya mita moja ya ujazo; na pale watu wanapojisafisha kwa maji, kama ilivyo desturi yetu ya pwani, huwa pungufu ya hapo. Watu sita hujaza kama theluthi moja ya mita ya ujazo kwa mwaka. Shimo la mviringo lenye upana wa mita 1, likiwa na mita 2 za kutumika chini ya ile nusu mita ya juu inayoachwa wazi, litachukua zaidi ya miaka minne. Mwenye uwezo na ajenge mashimo mawili, atumie moja, na likijaa ahamie la pili. Akiliacha la kwanza lipumzike angalau miaka miwili, yaliyomo yatakuwa yamegeuka udongo unaoweza kuchotwa bila hatari kubwa, na shimo litakuwa tayari kutumika tena. Hapo mwanachama hatachimba kiwanja chake chote kama fuko.

Neno moja la nyongeza: shimo si jaa. Msitupe humo dawa za mikorosho zilizobaki, wala makopo yake, wala mafuta machafu. Vitu hivyo haviozi, na njia ya kwenda kisimani vinaijua.

HESABU YA SAKAFU

Kitu kinachoua choo cha shimo mara nyingi ni sakafu. Magogo huliwa na mchwa na unyevu, na nondo hushika kutu upesi katika hewa hii ya chumvi. Katika jambo hili ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wana somo la kutupa. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, vifaa vya ujenzi vilikuwa haba. Mwaka 1979, mjini Maputo, msanifu majengo kutoka Sweden, Björn Brandberg, alishiriki katika kutengeneza sakafu ya zege ya mviringo, upana wake mita moja na nusu, iliyoinuka kidogo katikati kama mgongo wa kobe. Kwa umbo hilo uzito wa mtu husukumwa pembeni, na sakafu haihitaji nondo hata moja. Ina mahali pa kukanyagia palipoinuliwa, na tundu lake lina kifuniko kinacholikaa sawasawa. Kwa kuwa ni ya mviringo huweza kuviringishwa kama gurudumu kutoka inakofinyangwa hadi nyumbani. Na shimo likijaa, sakafu hung'olewa ikahamishwa kwenye shimo jipya.

Sharti lake kubwa ni uangalifu. Mchanga uwe safi, usiwe wa ufukweni wenye chumvi. Zege likishamiminwa lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa na limwagiwe maji kila siku kwa muda usiopungua siku 7. Magunia makuukuu ya korosho hayakosekani kwetu. Kisha sakafu ijaribiwe ikiwa juu ya ardhi, watu kadhaa wazima wasimame juu yake kwa pamoja, kabla ya mtoto wa mtu kusimama juu yake ikiwa shimoni.

HESABU YA NZI NA MBU

Katika miaka ya 1970, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Peter Morgan na wenzake wa maabara ya Blair walifanya jaribio la wazi kabisa. Walichukua vyoo viwili vya shimo vilivyofanana, kimoja wakakiwekea bomba la hewa lenye wavu juu. Kwa siku 78 walinasa nzi waliotoka. Katika choo kisicho na bomba walipata zaidi ya 13,000. Katika kile chenye bomba hawakufika 200. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa ya shimoni, harufu ikapanda nayo. Nzi hufuata mwanga ulio juu ya bomba, hukuta wavu, hufia humo.

Bomba hilo liwe la inchi 4 au zaidi, lipite juu ya paa kwa nusu mita, na ndani ya choo pawe na kiza kidogo. Wavu usiwe wa chuma cha kawaida, kwani hapa kwetu hautamaliza msimu. Uwe wa nailoni ngumu au wa chuma kisichoshika kutu. Bomba lisilo na wavu ni mlango wa mbu tu.

Na mbu si jambo dogo pwani hii. Mashimo yenye maji machafu ndiyo mazalio ya mbu aina ya Culex, ambao kwetu ni miongoni mwa wanaoeneza ugonjwa wa matende na mabusha. Huko Makunduchi, kisiwani Unguja, mwaka 1988 mashimo ya vyoo yenye maji yalimwagiwa chembechembe nyeupe nyepesi za polistirini zinazoelea, zikafunika maji yote hata mbu wasipate pa kutagia wala viluwiluwi pa kupumulia. Watu nao walipewa dawa. Mbu walipungua sana, na ugonjwa pia. Tunachojifunza ni kwamba shimo lenye maji lazima lifungwe juu, ama kwa sinki lenye kuzuia kwa maji, ama kwa kifuniko, na bomba lake liwe na wavu.

UKIWA DUKANI

Sasa tuseme mwanachama amekwisha kupiga hesabu hizo na ameamua kununua sinki au choo cha kukalia. Aende dukani na karatasi yenye vipimo, na asiwaonee haya wauzaji.

Kwanza, atazame kinywa cha kutolea uchafu: kinaelekea chini au nyuma? Awe amepima nyumbani kutoka ukuta uliokwisha kupigwa lipu hadi katikati ya tundu la bomba. Vipimo visipolingana asikubali maneno ya "fundi atajua mwenyewe". Fundi wangu alijua kupaka saruji.

Pili, atazame mpindo unaobakiza maji ya kuzuia harufu. Sinki la kumwagia kwa kopo lina mpindo mfupi, maji yake ya kuzuia yana kina cha sentimita 2 au 3 tu, hivyo lita 2 hutosha kuusukuma uchafu. Choo cha tangi kina mpindo mrefu zaidi. Ukikimwagia kopo moja, uchafu hausogei. Huwezi kununua cha tangi ukakigeuza cha kopo bila kujutia.

Tatu, akigonge kwa kifundo cha kidole. Kilicho kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti ya kuziba. Apitishe na kidole ndani, aone kama mng'ao wa kigae umefika mpaka mpindoni. Pakiwa pakavu na pa kukwaruza, uchafu utanata hapo.

Nne, kwa choo chenye tangi, aulize vipuri: mpira wa chini, boya na kifungo cha kuvutia. Vinapatikana Mtwara, au mpaka viagizwe Dar es Salaam? Choo ambacho mpira wake haupatikani ni pambo. Parafujo ziwe za shaba, za plastiki au za chuma kisichoshika kutu.

Tano, bomba kutoka sinki hadi shimoni liwe la inchi 4, fupi na lililonyooka, na katika kila mita 3 lishuke angalau sentimita 10.

Sita, awakumbuke wazee na wagonjwa. Mama yangu hakuhitaji tangi. Alihitaji mahali pa kuketi. Mwishowe seremala alitutengenezea kiti imara chenye tundu, kinachowekwa juu ya sinki la kuchuchumaa na kuondolewa, na vishikio viwili ukutani. Alikitumia mpaka alipofariki, na binti zangu hawakubeba ndoo kwa ajili yake zaidi ya moja.

KAZI YA CHAMA

Wazee waliopo hapa wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili nchini walipokusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika kujadiliana kwanza na kutenda pamoja baadaye. Lakini choo cha miti na udongo hakidumu. Kizazi kilichofuata hakina budi kukibadili. Na kubadili peke yako ni ghali.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne, mkayajadili katika mikutano ya wanachama.

La kwanza, kila chama kiwe na kalibu moja ya sakafu ya mviringo na fundi mwashi mmoja au wawili waliofundishwa kuitumia. Kalibu moja yaweza kuhudumia kijiji kizima kwa miaka.

La pili, saruji, sinki na mabomba vinunuliwe kwa pamoja, baada ya kupata bei za maduka matatu kwa maandishi. Bei hizo zibandikwe ubaoni ofisini, kila mtu azisome.

La tatu, fedha ya mwanachama isikatwe kwa ajili ya choo isipokuwa kwa ridhaa yake mwenyewe na sahihi yake, baada ya mkutano mkuu kukubali mpango. Katibu asiamue kwa niaba ya watu, hata kama nia yake ni njema. Nyumba za wazee na wajane zisizo na nguvu ya kuchimba zipewe kipaumbele katika siku za kujitolea.

La nne, kila chama kitunze daftari dogo la visima na kamba zake zenye mafundo ya Machi. Mtu anayetaka kujenga aje kwanza atazame daftari. Hii haigharimu kitu ila wino.

Ndugu Mwenyekiti, jirani yangu yule bado yupo, na kisima kilisafishwa, kikapimwa, kinatumika. Siku moja baada ya kazi hiyo alinipitishia mtungi wa maji yake nyumbani, nikanywa mbele yake. Hakuna aliyesema neno. Ningependa kila mwanachama aweze kunywa maji ya jirani yake kwa namna hiyo, na jirani ayanywe ya kwake, bila mmoja wao kuuliza hesabu.

Sasa nipo tayari kwa maswali, na ningefurahi kama la kwanza lingetoka kwa akina mama.